Wanataka Mchina Halisi

Kwa Baba yangu, Maalim Bakari, hapo Pande.

Assalaam alaikum, na shikamoo Baba. Naomba Mungu barua hii ikukute lile goti limeshalegea na unarukuu bila kushika ukuta. Mama je, kifua kimemwachia? Mimi ni mzima wa mwili, alhamdulillah, ila baridi ya huku Nyanda za Juu haijanizoea wala mimi sijaizoea. Nafundisha nimevaa koti juu ya baibui, nimekuwa kama gunia lililosimama.

Ijumaa uliponipigia uliisikia sauti yangu ukaniuliza nani amekufa. Hakuna aliyekufa, Baba. Nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe siwezi kuisema kwenye simu uliyoiweka spika barazani, majirani wote wanasikiliza. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Nilikwambia kwamba mwaka huu hapa chuo kikuu nimepewa darasa la Kichina la mwaka wa pili. Muhula haujafika mbali, kiongozi wa darasa, kijana anayeitwa Godlove, akapeleka barua kwa mkuu wa idara. Wametia saini darasa zima isipokuwa watatu. Hawakusema nafundisha vibaya. Wamesema wanaomba Mchina halisi. Hivyohivyo, Baba, "halisi", kama wanaagiza vitenge. Mimi niliyekaa kule miaka sita, nikaandika tasnifu kwa herufi zao mpaka kidole kikaota sugu, sasa ni feki.

Basi akaletwa Bwana Chen. Ni kijana mpole, alikuwa mtunza stoo kwenye kambi ya wajenzi wa barabara na mkataba wake ulikuwa umeisha. Hajawahi kumfundisha mtu hata kusoma saa. Mkuu akaniambia, "Mwalimu Somoe, wewe utamsaidia. Andaa masomo, yeye atayasema."

Siku ya kwanza walimpigia makofi na kupiga naye picha. Mimi niko nyuma na daftari la mahudhurio. Sasa, Baba, kwa Kichina kununua ni mai, na kuuza pia ni mai. Tofauti ni sauti tu: ya kwanza inashuka kisha inapanda, ya pili inaporomoka. Mimi nilikuwa nawarudisha kwenye neno hilo mpaka wananuna. Bwana Chen alilisema mara mbili, akacheka, akasema kwa Kiswahili chake cha kambini, "Nyinyi sikiliza tu." Godlove akasimama, kifua mbele, akaeleza kwamba baba yake anauza korosho. Kwa sauti aliyoitoa, baba yake ananunua. Bwana Chen akasema, "Nzuri sana!"

Halafu msichana mmoja akauliza kwa nini katika kuhesabu, samaki ana neno lake na kitabu kina neno lake. Bwana Chen akafikiri mpaka masikio yakawa mekundu. "Sijui. Sisi nasema hivyo tu." Akanitazama. Nikajibu kutoka huko nyuma kwamba hayo ni jamaa wa ngeli zetu: wewe husemi "kitabu mzuri", na hakuna aliyekukalisha chini kukueleza kwa nini, lakini mgeni lazima aelezwe. Darasa zima likageuza shingo. Na Godlove, Baba, Godlove akamgeukia Bwana Chen: "Ni kweli anavyosema?"

Bwana Chen akanigeukia mimi. "Mwalimu, ni kweli?"

Nikasema, "Ni kweli."

Akawaambia, "Ni kweli." Ndipo wakaandika.

Tulikwenda hivyo mwezi mzima. Nilikuwa nikirudi chumbani naongea peke yangu, nagombana na sufuria.

Siku moja Bwana Chen akanisimamisha kwenye korido, akaniambia kwa lugha yao, "Mwalimu, naona aibu. Kijijini kwetu hatusemi hiki cha kitabuni. Bibi yangu hakijui kabisa. Mimi nilikipata shuleni, kwa kuchapwa." Akaniomba nimfundishe kufundisha. Nilitaka kumchukia nikashindwa. Tangu siku hiyo tukawa tunakaa saa moja kabla ya kipindi, namweleza lugha ya taifa lake mwenyewe, naye anaandika kwa bidii kuliko wanafunzi wote.

Kilichonichosha kabisa ni mtihani. Mkuu aliniita akanitaka niutunge, halafu jina juu ya karatasi liwe la Bwana Chen. "Wanafunzi watauamini zaidi," akasema. Mkataba wangu ulikuwa unakaribia kuisha na yeye ndiye anayeandika pendekezo. Alilijua hilo, nami nilijua kwamba analijua.

Nikamwambia siwezi.

"Usiwe mgumu, Somoe. Ni jina tu."

"Kama ni jina tu, liache langu."

"Lugha ina wenyewe," akasema.

Hapo nikakutaja, Baba, unisamehe. Nikamwambia baba yangu ni mtu wa Pande, hana hata tone la Uarabu, na amesomesha Kurani tangu sijazaliwa. Anakaa na mtoto kwenye herufi moja mpaka itoke kooni pale inapotakiwa itoke. Na hakuna mzazi aliyewahi kumjia kumwambia, "Maalim, tuletee Mwarabu."

Mkuu akavua miwani. Hakunijibu kwa ubaya. Aliniuliza taratibu, "Unajuaje kwamba hawakumwambia?"

Nikaaga nikatoka.

Aliyeniokoa ni Bwana Chen, na hilo nalo linaniudhi. Kesho yake alikwenda mwenyewe kwa mkuu akasema hatii saini karatasi ambayo hakuiandika, na kwamba maswali mengine hata yeye angeyakosa. Mkuu alifura, lakini mtihani ulikuwa umeshafika mlangoni. Somo limerudi kwangu na jina langu limo kwenye ratiba. Bwana Chen amebaki na kipindi kimoja cha mazungumzo kwa wiki, na kwa hicho anafaa sana. Mkataba nimeongezewa muhula mmoja. Mmoja, Baba! Wenzangu wanapewa miaka.

Wala hakuna mwanafunzi aliyeomba radhi. Siku niliyorudi mbele ya darasa, Godlove aliuliza mtihani wa kuzungumza utasimamiwa na nani. Nikamwambia, "Mimi." Akasema, "Sawa, Mwalimu," kama mtu aliyepakuliwa wali mkavu. Nikamsimamisha nikamwambia auze korosho za baba yake. Alizinunua mara tano. Mara ya sita akaziuza.

Lakini si Godlove aliyenifanya niandike. Ni lile swali la mkuu, limekataa kuniondoka. Nimekumbuka mwaka ule kijana wa jirani aliporudi kutoka masomoni Arabuni akafungua madrasa upande wa sokoni. Kwako tulibaki watoto saba, jamvi zima tupu. Nilikuuliza wenzangu wamekwenda wapi, ukanijibu wamekwenda shamba kuvuna ufuta. Nilikuamini. Juzi nimekaa nikahesabu miezi, Baba. Haukuwa msimu wa ufuta.

Nani alikuja, na alikwambia nini? Na asubuhi yake uliwezaje kuketi ukatusomesha sisi saba kwa sauti ileile, hata mimi mwanao nisijue?

Msalimie sana Mama, mwambie asifue nguo kwa maji ya alfajiri. Nisalimie Shangazi wa Kiranjeranje aliyenilea nikiwa sekondari, na Bibi mzaa mama, umshikie mkono wake kwa niaba yangu. Kaka yangu aliyeoa Kisiwani mwambie mkewe akijifungua nipate habari siku hiyohiyo, siyo mtoto akishaota meno.

Niandikie, Baba, hata mistari miwili. Sitamwambia mtu.

Mwanao akupendaye,
Somoe