Mgeni Tuliyemkaribisha Saa ya Chakula

Chumba cha juu, nyuma ya duka la vioo
Jumapili jioni

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zetu. U hali gani huko, na wifi je, mgongo umemwacha? Watoto bado wananiita shangazi wa simu? Sisi tunapumua. Ningesema hatujambo, lakini wewe hunijua nikidanganya hata kwa kalamu.

Mama anakusalimu sana. Mkono wa kulia haujarudi tangu kile kiharusi, na wa kushoto unatetemeka. Kijiko hakifiki mdomoni na kitu. Kwa hiyo hulishwa. Namlisha asubuhi kabla sijatoka, na jioni nikirudi. Shida ni mchana.

Unakumbuka nilivyofurahi kupata kazi kwenye hiki kiwanda cha kufulia mashuka ya mahoteli. Ni ng'ambo ya barabara tu. Nikiwa uani naanika, naliona dirisha letu na lile pazia la kijani. Nikajisemea, mchana nitavuka, nimlishe Mama, nirudi. Mapumziko ya chakula yapo, tena hayalipwi, yanakatwa kwenye mshahara. Lakini geti hufungwa, nasi hula tumesimama kando ya mashine ya pasi, tonge mkono huu, shuka mkono ule, kwa sababu msimamizi hataki mashine ipoe.

Nikaenda kwa afisa kazi. Akaniambia wazi kwamba muda usiolipwa ni wa mfanyakazi, aende atakako, na akishikishwa kazi muda huo, basi alipwe. Kaka, nilitoka pale kama nimeota mbawa. Akaahidi kuja kujionea mwenyewe saa ya chakula, bila kumtaarifu tajiri.

Akaja kweli. Sasa sikia tulichofanya, ucheke kama unaweza. Mgeni alipotokea mlangoni, Mama Pasi, mwenzetu ambaye ndiye mkubwa wetu kwa umri, aliona haya kukutwa tunakula wima kama kuku. Akazima mashine. Tukanawa mikono, tukatandika shuka safi juu ya meza ya kukunjia, tukamvutia kiti. "Karibu baba, umetukuta mezani. Mama mkwe wako anakupenda kweli." Maji ya kunawa nilimmiminia mimi mwenyewe. Hata mwenzetu tunayemwita Kasuku, anayeongea mpaka usingizini, alikula kimya kwa adabu. Ndivyo tulivyolelewa sote, mgeni hakaribishwi kwa kazi.

Nilijaribu, Kaka. Nikamnong'oneza, "Afisa, siku zote si hivi." Akaitazama mashine iliyozimwa, akatutazama na vidole vyetu vyenye mchuzi. "Dada yangu, mimi nasema nilichokiona," akanijibu. Alichokiona ni watu wanaopumzika. Akamsifu msimamizi kwa kutunza watu wake, akaenda zake ameshiba.

Kesho yake mashine haikuzimwa, na geti lina kufuli jipya. Msimamizi hanigombezi. Akinipita huuliza tu, "Leo hatuna mgeni?" Wenzangu hawanilaumu, nami siwalaumu. Kikulacho ki nguoni mwako, na sisi tuliliwa na adabu yetu. Afisa nimemfuata tena mara mbili, nikaambiwa yuko safarini.

Nimekata tamaa, sikufichi. Kazi siwezi kuacha, tutalala wapi? Jirani alinisaidia kumlisha, kisha naye akapata kibarua. Nikirudi nakuta kijiko sakafuni na wali kifuani, na Mama ananiambia amekula, ameshiba. Amekonda mpaka pete ya ndoa nimemhamishia kidole gumba.

Juzi nilikuwa uani mchana, nikaona pazia limesogezwa. Alikuwa ameketi dirishani anatazama huku kwetu. Nikampungia mkono. Hakuweza kunipungia. Msimamizi akaniita ndani, nikaingia.

Nisalimie wifi, na watoto wote, mwambie yule kitinda mimba shangazi anamdai busu. Msalimie mjomba fundi saa, na binamu yetu mshonaji kama bado mnasemezana. Mungu akupe afya na akuzidishie mkono wa kutoa.

Nilipomwuliza Mama nikuandikie nini, alisema nikwambie tunakula vizuri, usihangaike. Nimeandika kama alivyoniagiza. Najua nilisema mbele ya wajomba kwamba Mama hatoki kwangu. Kaka, njoo umchukue.

Mdogo wako akupendaye,
Kifaranga