Sahihi Yao Wataipata Mkutano Ukishuka

Jumanne. Manyunyu tangu asubuhi, yale ya hapa Meru yasiyoamua kama yanataka kuwa mvua. Mimi niliamka nimeshaamua.

Wadi yetu iliita wananchi watoe maoni kuhusu vibanda vipya vya soko. Mimi ni fundi cherehani, natumia kiti cha magurudumu, na nataka kibanda nitakachoingia bila kubebwa kama gunia la viazi. Nikafika kabla ya watu wote.

Mkutano ulikuwa orofa ya kwanza. Lifti hakuna.

Nikakaa chini ya ngazi. Maombi niliyasikia vizuri, pasta wetu ana sauti. Baada ya Amina sikuambulia kitu.

Mara karani akashuka na daftari la mahudhurio mkono mmoja, soda mkono wa pili. Kwetu mkutano bila hivyo viwili si mkutano. Akanionyesha safu ya watu wenye ulemavu. Tupu.

"Mama Kendi, weka sahihi tu hapa."

"Nimehudhuria nini, kijana wangu? Ngazi?"

"Aki mama, hiyo safu ikikosa jina, makao makuu watarudisha karatasi zote."

Kumbe! Sheria inawataka watusikilize. Wao wanatafuta jina tu.

Nakiri nilitaka kuweka sahihi. Mama yake ni mteja wangu, na kumkatalia mtoto wa mteja ni kazi.

Soda nilikunywa. Sahihi nilikataa.

Akapanda, akarudi na mwenyekiti, uso umekunjamana. Akaniuliza nataka nini. Nikamwambia nataka mkutano ushuke. Kabla hajajibu, muuza ndizi mmoja akaita kutoka juu, "Si tushuke tu! Hata sisi magoti yametuishia!"

Wakashuka, viti vichwani, wakajipanga verandani. Nikasema nilichokuja kusema: mlango unaotosha kiti changu, njia isiyo na ngazi, choo ambacho naweza kugeuka ndani yake. Karani akaandika. Nikasoma alichoandika, ndipo nikaweka sahihi.

Lakini maneno ya mkutano nayajua, hukauka kabla ya nguo.

Kwa hivyo jioni hii nimeyaandika yote kwa barua, nakala mbili. Kesho nazipeleka ofisini, na sitoki mpaka yangu igongwe muhuri wa kupokelewa. Wakiniambia mwenye muhuri ametoka kidogo, sawa. Nina mashati kumi ya kutia vifungo. Nitamngojea.