Barua Niliyowasomea Wazee

Mjukuu wangu Hodan,

Assalaamu aleikum. Sisi hapa Modogashe tu wazima, alhamdulillahi. Mama yako anakusalimu, na yule ngamia wako mweupe amezaa.

Umeniuliza kama ukariri maneno magumu ya Kiingereza kabla ya kuandika maombi ya kazi huko Nairobi. Nikwambie lililonipata.

Nilipomaliza shule kulikuwa na ukame, na wazee wakaniagiza nimwandikie afisa barua ya kuomba lori la maji. Nilifungua kamusi ya Kiingereza, nikaokota maneno mazito mazito mpaka ukurasa ukajaa. Kwa desturi yetu, mjumbe huurudia ujumbe mbele ya waliomtuma kabla hajaondoka. Baba yangu akasema, "Tusomee kwa Kisomali." Sikuweza. Maneno mengine hata maana yake sikuijua. Basi nikaikodolea macho ile karatasi, nikawasomea barua nyingine kutoka kichwani, nao wakaitikia amin.

Ile ya kamusi ndiyo niliyoituma, na baada ya wiki tatu jibu lilikuja. Afisa alitushukuru kwa salamu zetu; la lori hakulitaja.

Yaliyofuata siyaandiki.

Sikukatazi kujifunza, Hodan. Sisi wenyewe tuna majina mengi ya ngamia, lakini kila jina lina ngamia wake. Ila kabla ya kutuma maombi yako, nipigie simu unisomee kwa Kisomali.

Barua niliyomwandikia afisa siikumbuki hata neno moja. Ile niliyowasomea wazee naikumbuka yote: "Visima vimekauka. Tuna watoto. Tuletee maji."

Awoowe, babu yako