Nilimzika Nyanya Nikiwa Kwenye Kochi

Nyamasaria, Kisumu
Jumatano, saa sita mchana

Kwako Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima na kwa mapenzi. Goti limepoa, au bado linakusumbua ukiinuka? Najua utasema ni zima, kwa hiyo swali hilo namuuliza pia dada yangu Nabwire, ambaye hajui kuficha. Mihogo mmeshaing'oa? Na yule kuku mwenye shingo tupu, bado anataga kwenye kapu la nguo? Mimi mwili wangu ni mzima. Chakula napata, kazi ipo, na mvua imetunyeshea wiki nzima mpaka njia ya kuingia kwenye ploti yetu imekuwa matope matupu. Hayo ndiyo mazuri. Yaliyobaki yatakuuma, na nakuomba uyasome peke yako, ukiwa umeketi, kabla hujamwita mtu.

Barua hii nimempa Taaka, yule mama anayeleta samaki huku kutoka kwetu Port Victoria, na ameniahidi ataitia mkononi mwako yeye mwenyewe. Utajiuliza kwa nini nimeandika na simu ninayo. Ni kwa sababu kwenye simu unaanza na "umekula?", na nikisikia hilo neno tu moyo unalainika, nadanganya tena. Nimejaribu mara tatu kukuambia. Mara ya tatu nilijifanya mtandao ni mbaya, nikakata. Mtandao ulikuwa mzuri, Mama.

Jumapili uliniambia kwamba Ijumaa utapanda gari uje Kisumu, ufike mpaka kwenye ghala la saruji ninapofanya kazi, umtazame machoni yule Madam aliyeninyima ruhusa ya kwenda kumzika nyanya yangu. Ulisema hutamtukana, utamuuliza tu kama alizaliwa na jiwe. Ulisema pia akina mama wa kanisa wamemweka kwenye maombi ya kila Alhamisi. Tafadhali waambie wamtoe. Madam hakuninyima kitu. Aliposikia nimefiwa aliinuka kwenye kiti chake, akanipa siku tano, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniambia niende nikae na mama yangu. Siku hizo tano nilizichukua. Nilizimalizia hapa nyumbani kwangu Nyamasaria.

Acha nianze mahali jambo lilipoanzia, na lilianzia kwenye runinga.

Ile runinga niliyokutumia picha yake ni ya mtumba. Kioo chake ni kikubwa na picha ni safi, lakini ni ya zamani kidogo, haiwezi kuingia kwenye intaneti yenyewe. Filamu zangu zote nilikuwa nikizitazama kwenye simu, shingo imeinama, nikatamani zihamie pale ukutani. Ungedhani ni jambo la siku moja. Lakini wewe unanijua. Mimi ndiye yule mtoto wako aliyekuwa akichagua penseli mpaka mwenye duka anaanza kufunga milango.

Jirani yangu Odhiambo, fundi wa umeme ambaye nyumba zetu zimegawana ukuta, alinieleza njia zilizopo. Kwanza nilitaka kuunganisha waya kutoka kwenye laptopu, nikaona nitakuwa nainuka kila ninapotaka kusimamisha filamu. Nikajaribu kurusha picha kutoka kwenye simu. Ikawa nzuri, ila ujumbe ukiingia unatokea pale pale kwenye kioo, na siku moja wageni wangu wakasoma wewe ukiniuliza kama dawa ya minyoo nimekunywa. Basi ikabaki kijiti kidogo cha kuchomeka nyuma ya runinga ili iingie kwenye intaneti, au kisanduku, ambacho ni kikubwa zaidi na kinaweza kuweka filamu ulizoshusha ili uzitazame bando likiisha. Na hapo sijataja ruta, kile kifaa kinachosambaza intaneti nyumbani. Ukiiweka nyuma ya friji inazubaa, ukiiweka dirishani inachangamka. Nilikuwa na daftari la mambo hayo, Mama. Nilichora jedwali.

Wiki hiyo hiyo ukanipigia kuniambia kwamba Nyanya amekataa chakula, anakunywa uji vijiko viwili kisha anageukia ukuta. Ukasema ananiulizia. Nikakuambia Jumamosi nitakuja, na nilikuwa nasema kweli. Mkoba niliupanga Ijumaa, nikaweka na ile leso niliyomnunulia.

Jumamosi asubuhi Odhiambo akanigongea. Akasema kuna duka mjini limeleta visanduku, na wanakuruhusu uvijaribu kwenye runinga zao kabla hujanunua. Nikajiambia nitapita hapo dakika kumi tu, halafu nipande gari la saa nne. Saa nne ilinikuta bado nalinganisha kijiti na kisanduku, kipi kinafungua filamu upesi. Saa saba nilikuwa kwenye duka la pili, kwa sababu rimoti ya lile la kwanza ilikuwa na vitufe vidogo mno. Mkoba ulikuwa begani muda huo wote. Saa tisa nikakutumia ujumbe kwamba kazini wametuzuia tuhesabu mzigo, na wewe ukanijibu pole mwanangu.

Nilirudi na kisanduku. Jumapili nilishinda mbele yake, na sitakuficha, nilifurahi. Jumanne Nyanya akafariki.

Sasa utauliza: kama ruhusa nilipewa, kwa nini sikuja? Unajua desturi yetu. Kwenye mazishi wajukuu huitwa mbele mmoja mmoja, kuanzia mkubwa, na kila anayeshika kipaza sauti huanza na maneno yale yale: mara ya mwisho nilipomwona Nyanya. Hakuna sheria inayosema hivyo. Ndivyo tu tunavyoanza, tangu nikiwa mdogo nimesikia hivyo. Na mimi ndiye mjukuu wa kwanza. Mimi ndiye niliyelala naye kitanda kimoja miaka ile ulipokuwa unaamkia ufukweni kupokea samaki. Ningesimama mbele ya boma zima na majirani, niseme mara ya mwisho ni lini? Nikaogopa. Niliogopa kama mwizi, Mama, na nikaona ni rahisi zaidi kumtupia lawama mwanamke ambaye hammjui na hatawahi kujitetea.

Halafu nikafanya baya zaidi. Unakumbuka ni nani aliyependekeza kwenye kikundi cha familia kwamba mazishi yarushwe mubashara? Ni mimi. Nilisema ni kwa ajili ya binamu Ouma aliye Kanada, ili naye amuage Nyanya. Baba mdogo Makokha akakubali, akatafuta mpiga picha, na wote mkanisifu kwamba nina akili na moyo. Ouma mwenyewe hakufungua, huko kwao kulikuwa bado ni usiku, alikuwa amelala. Nilikuwa najitafutia kiti mimi.

Siku ya mazishi nilioga, nikavaa shati jeupe na suruali nyeusi, kana kwamba kuna mtu angeniona. Viatu sikuvaa. Nikafunga pazia, nikakaa kwenye kochi, nikafungua. Picha ilikuwa safi kuliko nilivyotaka. Niliona hema, niliona jeneza, niliona hata mahali uliposhona mkono wa gauni lako jeusi. Mwendesha shughuli alipofika kwa wajukuu akatangaza kwamba mkubwa wao amenyimwa ruhusa kazini Kisumu, na watu wakaguna kwa huruma, hema nzima. Nabwire akasimama mahali pangu. Akaanza, "Mara ya mwisho nilipomwona Nyanya ilikuwa asubuhi ile, nilikuwa namwosha miguu." Sikusikia alivyomalizia.

Hapo ndipo Odhiambo alipoingia kunirudishia bisibisi. Akaona kwenye kioo kuna jeneza, akavua kofia.

"Omera, ndugu yangu, hii ni matanga ya nani?"

Nikamwambia ni ya nyanya yangu, Port Victoria, na ni sasa hivi.

Akanitazama kuanzia shati mpaka soksi. "Port Victoria hii ya masaa matatu? Na wewe uko hapa unaangalia?"

Yeye ni Mjaluo, Mama. Kwao mtu anaweza kutoka Mombasa akasafiri kutwa kucha kuja kuzika jirani wa shangazi yake. Alisimama pale mpaka mchungaji akamaliza kuomba, akaitika amina, akaweka bisibisi mezani na kutoka. Tangu siku hiyo ananisalimia vizuri tu, lakini haingii ndani.

Kisha wewe ukapewa kipaza sauti. Ukamuuliza mpiga picha kama ni pale ndipo unapaswa kutazama, watu wakacheka kidogo, na ukageuza uso kwenye kamera. Ukasema, "Wandera, najua saa hii uko chini ya mifuko ya watu. Ukitoka kazini utaona hii. Usilie peke yako, mwanangu. Mwite jirani akae na wewe."

Nilikuwa mbele yako, Mama, hatua mbili kutoka kwenye kioo, na uso wako ulikuwa mkubwa kuliko ulivyo. Ulikuwa unamzika mama mkwe uliyeishi naye boma moja maisha yako yote ya ndoa, na huruma yako ukaileta kwangu, kwenye kochi. Unajua nilifanya nini? Nilichukua rimoti nikapunguza sauti. Nilipunguza sauti yako. Nimefanya makosa mengi maishani, mengine unayajua, lakini hilo ndilo ninaloliona kila nikifumba macho.

Walipoanza kumteremsha, picha ikasimama. Kikabaki kile kiduara kinachozunguka katikati ya kioo. Nikaruka, nikang'oa ruta pale ilipokuwa, nikaipeleka dirishani, nikaiinua juu kwa mikono miwili waya wake ukining'inia. Wenzangu wameshika udongo, mimi nimeshika ruta. Picha iliporudi, kaburi lilikuwa limeshafukiwa na shangazi Ajiambo alikuwa anapanga maua. Watu walikuwa wanaitwa kunawa mikono wakale. Nikazima.

Kuna jambo moja la Jumamosi ile ya madukani ambalo bado sijakuambia, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Kama saa sita hivi simu yangu iliita, namba ya Nabwire. Sijui kama alikueleza, nadhani alitaka kukuepusha na huzuni. Alikuwa amemwekea Nyanya simu sikioni. Dukani runinga sita zilikuwa zinapiga kelele pamoja, nikatoka nje mlangoni nipate kumsikia. Sauti ilikuwa nyembamba.

"Wandera. Uko njiani?"

"Niko kazini, Nyanya."

Nilimsikia akipumua. Halafu akasema, "Fanya kazi, baba. Mimi sina haraka."

Nikamwambia sawa Nyanya, nitakuja wiki ijayo. Kisha nikarudi ndani kumuuliza muuzaji kama rimoti ile inatumia betri ndogo au kubwa.

Hilo ndilo ningepaswa kulisema mbele ya watu. Mara ya mwisho niliposema na Nyanya nilimdanganya, na alinijibu kama mtu anayeniamini. Nimelibeba wiki hizi tatu na siwezi tena. Madam naye kila asubuhi ananiuliza mama anaendeleaje, na mimi namjibu kwamba nilikuacha salama. Kesho nitamwendea ofisini nimwambie ukweli. Akitaka kunifukuza ana haki yake, ingawa naomba asinifukuze.

Basi Ijumaa usije. Ukija utamwona mwanamke mwema na utaona aibu isiyo yako. Mimi ndiye nitakuja Jumamosi, kwa gari la kwanza. Nakuomba umwite Baba mdogo Makokha na shangazi Ajiambo waketi, niseme mbele yao yale ambayo sikuyasema siku ile, halafu mnipeleke kaburini. Kama utakuwa umekasirika usiniamkue, nitaelewa, nitakaa nje mpaka uwe tayari. Kuhusu kisanduku, bado kipo pale chini ya runinga. Sijakivunja wala kumpa mtu. Hakina kosa lolote.

Nisalimie Baba mdogo Makokha, ambaye sasa ndiye mkubwa wa boma, na umwambie asante kwa kumchimbia mama yake mahali pazuri. Nisalimie shangazi Ajiambo aliyepanga maua. Nisalimie sana Nabwire aliyemwosha Nyanya miguu na kusimama mahali pangu. Mwambie sitamwomba msamaha kwa simu, nitamwomba nikiwa namtazama. Mchungaji pia msalimie. Na akina mama wa kanisa, kama wameshazoea ile saa ya Alhamisi, wasiiache. Wabadilishe jina tu, waweke langu.

Nasikia kuna majirani wanaosema mjukuu mkubwa hakuonekana kwenye mazishi, na kwamba umegombana na wawili kwa sababu hiyo, mmoja hata hamsalimiani tena. Mrudie umsalimie, Mama. Alisema kweli. Usinitetee tena kwa mtu yeyote mpaka nifike.

Ni mimi mwanao, ambaye siku ile hakuwa kazini,

Wandera