Mama Anamwita Mkwe

Chikongola, Mtwara
Ijumaa, mwisho wa Novemba
Mwaka na nusu tangu niondoke

Mama Zuhura, mke wangu,

Assalaam alaykum. Nakusalimu wewe kabla ya watu wote wa nyumba hiyo. Kifua kinaendeleaje? Kile kikohozi cha vumbi la salfa ya mikorosho kimekuacha, au bado kinakuamsha? Na mvua huko Tunduru zimeanza, au mnatazama mawingu tu kama sisi huku? Mimi mzima, isipokuwa bega la kulia ambalo limekuwa gumu kama kisigino. Kazi ipo. Msimu wa korosho ukiwaka, ghalani tunabeba magunia tangu asubuhi hadi msimamizi mwenyewe achoke kutusimamia.

Barua hii anakuletea binamu yako Bakari kwenye lori lake. Isome mwenyewe. Wewe ulimaliza darasa la saba na mimi niliishia la tano, kwa hiyo utauvumilia mwandiko. Usimpe mtu akusomee, na nadhani unamjua ninayemsema.

Sikupiga simu kwa sababu simu ya hapo nyumbani siku hizi ina mwenyewe. Mara ya mwisho nilipopiga alipokea mwanamume. Akauliza, "Nani mwenzangu?" Nikamwambia mimi ni mume wa mwenye simu. Akasema, "Ah, shikamoo mzee. Mama Zuhura yuko kisimani. Simu ninayo mimi, inachaji kwenye sola yangu." Mtu amekuamkia kwa adabu huku ameishika simu ya mkeo, utamjibu nini? Nikaitikia marahaba, nikakata. Hiyo marahaba ilinikaa kooni siku nzima.

Nakumbuka vizuri habari za kufika kwake. Wewe ndiye uliyenieleza kwamba umepata kijana mwenye mashine ya kupulizia, atapiga salfa mikorosho yetu na ya mama yako, alale kwenye kile kibanda cha jikoni hadi amalize. Nikasema sawa. Ningesemaje, na mimi nilikuwa huku? Lakini salfa inapigwa mikorosho inapotoa maua. Maua yakapita, mabibo yakaiva, korosho zikaokotwa zikauzwa, yeye bado yupo. Anapulizia nini sasa?

Halafu nikazungumza na Zuhura kwa simu ya mwalimu wake. Mtoto hajui kuficha. Kaniambia yule kijana amemwezekea bibi choo, amemtengenezea bibi kitanda, na bibi anamwita mkwe. Nikamwambia arudie. Akarudia akicheka, "Bibi anamwita mkwe. Anamwambia, mkwe njoo ule."

Mke wangu, sitakuficha, nilishikwa na wivu. Mimi nilipokuja kuoa hapo kwenu nilikuja na jembe, nikalima shamba la mama masika mawili kabla hajaniitikia vizuri. Kwetu mwanamume anahamia kwa mkewe, na jina la mkwe analipata kwa jasho, shambani kwa mama. Sasa huyu kalipata kwa mashine ya petroli. Nikafikiri kwamba mama ameshapima, ameona nani anafanya kazi na nani anatuma maneno, na ameamua. Na mama akiamua, wewe na kaka yako mtabisha mpaka lini?

Tangu siku hiyo kila kitu kikanichoma. Ninayebeba naye magunia anaitwa Chilumba, Mmakonde wa Mpapura. Kwao ni karibu. Jumamosi yuko kwa mkewe, Jumatatu anarudi na muhogo wa kuchemsha na uso uliolala vizuri. Wiki nyingine mkewe anakuja naye mjini, na mchana anamletea ugali na kisamvu mpaka getini. Nilikuwa nageukia ukutani nisiwaone. Mwezi uliopita tulipeleka saruji Msimbati, nikauona mto Ruvuma unavyoingia baharini. Nikasimama nikayatazama yale maji. Nikasema haya yamepita kwetu, mke wangu ameyachota, ameyafulia, na mimi nayapata huku yakiwa yameshachafuka. Nikaona wivu hata na maji. Ucheke ukitaka.

Na juzi likaja gunia lenye chapa ya chama chetu cha msingi cha ushirika, jina la kijiji chetu limeandikwa kwa wino mweusi. Wenzangu walifurahi kwa ajili yangu, wakasema Myao kaletewa barua. Nikalitia begani. Nikawaza, korosho hizi zilipigwa salfa na nani? Nikalitupa chini kwa nguvu hadi likapasuka mshono, na msimamizi akanifokea kama mtoto. Nililishona mwenyewe, nimepiga magoti, naokota korosho moja moja kwenye sakafu ya saruji, na pengine zilikuwa zetu.

Sasa sikia habari za mji. Unajua Mtwara nilipokuja ulikuwa mji wa kukaa mtu kama mimi. Siku hizi malori ya makaa ya mawe yanapanga foleni, meli zinangoja, watu wa kuja wamejaa, na kila kitu kimepata bei ya mgeni. Dagaa nilikuwa nanunua kwa fungu, na dada wa sokoni ananiongezea kiganja juu. Ameleta mizani. Mizani haina kiganja cha juu. Maji ya dumu yamepanda, na hata muhogo, ambao ni chakula cha kila mtu, sasa unakatwa vipande vya kuhesabu.

Mwenye nyumba wetu ni Bi Somoe, mtu mzima wa Mikindani, hana ubaya. Alikuja akakaa kwenye kigoda mlangoni kwangu, akasema anataka kuweka vigae na vyoo vya ndani, vyumba apangishe madereva na mafundi wa kampuni. Kodi mpya aliyoitaja siwezi kuifikia hata nikibeba ghala zima. Nikamuuliza kama ananifukuza. Akasema, "Hamisi mwanangu, mimi sikufukuzi. Nyumba ndiyo inakufukuza. Nyie Wayao si mna kwenu?"

Hapo nikakaa nikafikiri. Nihamie nje ya mji, niwe natembea kwa miguu alfajiri hadi ghalani? Msimamizi, pamoja na kunifokea, ameniambia nikivumilia, msimu ujao nitakuwa nyapara, sibebi tena. Nikafikiri pia nikuite wewe uje huku, nikuone kwa macho yangu kila siku. Nikaona nikikuleta Chikongola penye wanaume wenye magari nitakuwa nakulinda badala ya kwenda kazini. Na kurudi huko niliogopa. Nirudi niende wapi, ikiwa nafasi yangu ina mtu?

Mwisho nikamweleza Chilumba. Sikutaka, maana ni mtani na mtani hana huruma. Nilimpata siku ambayo mkewe hakuja. Nikamsimulia yote, jina la mkwe, choo, kitanda. Akaniuliza huyo kijana anakula wapi. Nikamwambia Zuhura kasema anakula na bibi uani, sinia moja, bibi anamchambulia samaki miiba.

Chilumba aliweka gunia chini akacheka hadi akakaa juu yake. Akasema, "Myao wewe, mji umekulamba kichwa. Mkwe gani anakula sinia moja na mama mkwe?"

Mke wangu, mimi tangu nikuoe sijawahi kula mbele ya mama. Akipita njiani nashuka kichakani. Akitaka kuniambia jambo anakuambia wewe, au anamwambia mtoto na mimi nipo hapo nasikia. Uso wake naujua kwa pembeni tu. Huyo anayechambuliwa miiba ni kama mjukuu, mama anamwita mkwe kwa utani tu. Jambo hilo angelijua hata mtoto wa kwetu, na mimi nililisahau. Nimekula peke yangu kwenye ukuta wa ghala muda mrefu mpaka sijui tena watu wanakulaje nyumbani.

Hilo ndilo lililonitisha kuliko kodi ya Bi Somoe. Unyapara nimeukataa, narudi nyumbani. Msimamizi kaniona mjinga, na Chilumba kanikumbatia halafu akaniambia sasa nitakwenda kupulizia badala ya kubeba.

Usidhani wivu umeisha. Mama nimemwelewa, wewe sijakuuliza. Sikuulizi kwenye karatasi. Nitakuuliza tukiwa wawili, na utanijibu unavyojua. Lakini simu itoe kwenye ile sola leo hii, ikachajiwe kwa kaka yako.

Nisalimie mama, kwa kupitia kwako kama kawaida. Msalimie shemeji yangu Athumani, mjomba wa watoto, mwambie nitakuwa na maneno naye ya kiume. Zuhura mwanangu asichapwe kwa kunieleza, nimemnunulia viatu vya shule. Shangazi yangu Bi Hadija, ambaye alinipeleka kwenu mara ya kwanza, mwambie miguu yake haikupotea njia. Na huyo kijana mpe ahsante ya choo. Akitaka kuondoka asinisubiri.

Meli ya mwisho inapakiwa kabla ya mwaka kwisha. Nitapanda basi wiki ya kwanza ya Januari, niwahi palizi. Nikifika nitakaa nyuma ya nyumba mpaka mama amalize kula, ndipo uniite.

Mumeo,
Hamisi, Baba Zuhura