Papa Pol na Manon

Pétro, niko ndani ya gari kwenye uwanja wa hoki. Siombi musamaha!

Alors, wapapa walikuwa kwenye buvette ya klabu, pale wanauzia bia, wanabishana kuhusu wachezaji wa zamani. Kila muntu: Manon, Manon, alianzia kwetu. Muzee mumoja akajisifu, "Hapa tunajua kuchagua."

Nikacheka. Nikasema, "Nyinyi? Manon mulimukataa, eti ni mufupi. Alipata jina kwa klabu ingine. Aliyemukataa alikuwa kipofu."

Muzee akaweka bia chini. "Madame, ni mimi nilimukataa."

Ni Pol. Pol! Njo yeye anachagua timu ya kesho, na mutoto wangu Darlène ni mufupi kuliko wenzake wote.

Darlène alikuwa kando yangu, akanivuta mukono, "Maman, twende." Nikabaki pale pale.

"Bon, papa Pol, mutoto wangu ni huyu. Mumuangalie anavyocheza, musimupime urefu."

Akamuangalia Darlène, akaniangalia mimi. "Manon hakukuwa na maman wa makelele hivi."

Nikamujibu, "Njo maana mulimupoteza."