Yaya Sifa Hajamkataa Mtoto

Baraka, tarehe 14 Juni

Kwa mama yangu mpendwa, Kilembwe,

Leo nitakuambia yote, hata yale ambayo dada yangu, Yaya Sifa, aliniomba niyapunguze. Mwishowe amekubali mwenyewe, akasema, "Andika. Mama atasema atakachosema." Kwa hiyo nakuomba usome barua hii peke yako, nyuma ya nyumba, usimpe mtu akusomee. Ningepiga simu, lakini ukizungumza kwa simu ya baba mdogo wanasikia hata wanaopita njiani.

Kwanza nakusalimu. Umeamkaje? Kifua cha baba kimetulia? Muhogo mliopanda upande wa mto umeshika vizuri? Sisi hapa tunapumua. Mtoto ananenepa, mimi naendelea na shule, na mtihani wa Kifaransa nimefaulu.

Mama, najua mama mkwe wa Yaya amekutumia ujumbe kwamba binti yako amemkataa mtoto wake. Anataka ukubali Yaya apelekwe kwenye nyumba ya maombi kule Misisi, afungiwe humo bila kula mpaka roho imtoke, naye abaki na mtoto. Anasubiri neno lako tu. Nakusihi usilitoe kabla hujafika mwisho wa karatasi hizi.

Alichokiona ni kweli alikiona. Yaya hambebi mtoto. Asubuhi anabebwa na mama mkwe, na nikitoka shule ninambeba mimi. Akimnyonyesha, anataka nikae naye bega kwa bega nishike kichwa cha mtoto, na mtoto akishiba ananirudishia haraka kama anayetoa sufuria motoni. Kisha anaanza kuuliza: "Riziki, sijamufanya kitu?" Namjibu, "Hapana, Yaya." Baada ya muda kidogo: "Angalia vizuri. Iko anapumua?" Namjibu tena. Mama mkwe ananiita "mama mutoto". Juzi alimwambia Yaya mbele ya majirani, "Kumbe huyu wa masomo ndiye alizaa. Basi tumupatie na bwana yako." Yaya aliinama akaendelea kuchambua majani ya sombe.

Tena tangu mtoto azaliwe, nyumba hii inakula ndagala tu, vile visamaki vidogo vya kukausha. Shemeji Asukulu alivumilia, halafu siku moja akasukuma sahani. "Sifa, ziwa iko ku mulango, na sisi tunakula ndagala sawa tuko kwa bakwe Kilembwe. Samaki ya mikebuka ilikukosea nini?" Samahani mama, ndivyo alivyosema. Yaya akajibu, "Ndagala iko na vitamini." Tukacheka wote, hata yeye. Hakuna aliyewaza kwamba ndagala hawahitaji kisu.

Jumanne nilimsindikiza Yaya hospitali mtoto akapimwe uzito. Muuguzi wa zamu alikuwa Mama Nyota, mama mnene mwenye sauti ya chini, anaimba kwaya kanisani kwetu. Akatutazama.

"Mama wa mutoto ni nani hapa?"

"Ni miye," Yaya akasema.

"Maziwa inakulowesha nguo, na mutoto analilia kwa mudogo yako?"

Yaya alijifunika kifua kwa kitenge. Mama Nyota akatuingiza katika chumba cha pembeni, akafunga mlango, akauliza taratibu kama anayeuliza bei ya nyanya: "Iko mawazo inakuingia juu ya mutoto, mawazo we mwenyewe hautaki?"

Yaya akaanza kulia. "Nikimubeba, ninaona niko namuchoma kisu. Nikifika ku ziwa, ninaona mikono yangu inamuachilia mu maji. Sitaki, mama. Ninamupenda. Visu yote nilipelekea jirani."

Mama, nilimkumbatia mtoto nikarudi nyuma mpaka ukuta ukanizuia, na Yaya aliniona nikirudi nyuma. Nilidhani sasa wataitwa polisi. Lakini Mama Nyota hakushtuka hata kidogo, na hilo lilinishtua zaidi. Alimuuliza maswali mengi. Kuna sauti inayokuamuru? Hapana. Umeshawahi kumuumiza? Hapana. Unatamani kufanya hivyo? Yaya akatikisa kichwa kwa nguvu, kilemba kikaanguka. Unafikiri kujiua? Hapana. Ndipo akaniambia nirudi nikae, akasema, "Mwenye kutaka kuumiza mutoto hapeleke visu kwa jirani."

Akatueleza kwamba ni ugonjwa, na una jina. Kwa Kifaransa wanauita TOC. Wazo baya linaingia kichwani bila kuitwa, mtu anaogopa sana, kisha anafanya kitu ili hofu ipungue: anaficha visu, anauliza, anahakikisha, anaomba sala ileile mara nyingi. Hofu inapungua kidogo, halafu inarudi na nguvu. Akagonga meza kwa kidole. "Toc, toc, toc. Sawa mutu iko ku mulango. Unamufungulia umwambie aende, kesho anarudi, maana amejua uko unafungua. Muache agonge. Atachoka." Alisema mawazo kama hayo huwapata wanawake wengi waliojifungua, na wengi wanayaficha kwa aibu, mpaka wanaonekana hawana upendo.

Daktari naye alikuja akasema matibabu yapo. Nilibaki mdomo wazi, maana katika nyumba hii hakuna aliyewahi kusema neno hilo. Ya kwanza ni mazungumzo pamoja na mazoezi, kila wiki, na Mama Nyota. Ya pili ni vidonge vya kumeza kila siku. Vinaanza kwa kiasi kidogo, vinachukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha kazi yake, na mtu haviachi ghafla kwa sababu anajisikia nafuu. Kuna aina ambayo mama anayenyonyesha anaweza kupewa, daktari ndiye anayechagua. Wengine wanapona kwa mazoezi peke yake, wengine wanahitaji vyote viwili. Yaya ameanza na mazoezi, na tukirudi wataangalia kama aongezewe dawa. Vile vidonge vya usingizi ambavyo shemeji alimnunulia sokoni, daktari alivikataza. Alisema vinatuliza kwa muda, kisha mwili unavizoea, na mama aliyelewa usingizi hamsikii mtoto. Kufunga kula alikukataza pia, kwa kuwa ananyonyesha. Sala hakuikataza. Mama Nyota alisema, "Omba mara moja, sema Amina, uachie Mungu kazi yake. Usirudilie sawa Yeye ni kiziwi."

Sasa sikia mazoezi yenyewe. Alimwambia Yaya arudishe kisu nyumbani. Wiki hii kitakaa mezani huku mtoto akiwa mikononi mwake, na mimi karibu. Baadaye mimi nitatoka chumbani. Baadaye tena atanunua samaki kuhe mzima, amkate mwenyewe, mtoto akiwa mgongoni. Nilisema, "Hapana, mama, tafadhali." Ni mimi niliyesema, wala siyo Yaya. Mama Nyota akanigeukia.

"Na weye, akikuuliza kama mutoto anapumua, unamujibu nini?"

"Namwambia anapumua."

"Usimujibu tena. Kila ukimujibu, unalisha ugonjwa."

Mama, nilifikiri ndio msaada wangu pekee. Kumbe nilikuwa nafungua mlango pamoja naye. Sasa akiuliza nasema, "Yaya, hilo ni swali la TOC, nimekatazwa." Siku ya kwanza alinikasirikia akaniita mchawi mdogo. Siku ya pili aliuliza, akajishika mdomo mwenyewe, tukacheka.

Tulipomweleza shemeji, alitazama mikono yake. Nilidhani atamfukuza. Kisha akasema, "Kumbe ndagala yote ile ni juu ya kisu." Akatoka bila kofia, akaenda kwa jirani, akarudi na visu vimefungwa katika gazeti. Aliweka kimoja mezani polepole kama yai. Yaya alitetemeka, jasho likamtiririka, lakini mtoto hakumtoa mikononi mwake. Akakaa naye hivyo mpaka kutetemeka kukaisha kwenyewe. Nilikuwa nimesahau sura yake akimtazama mtoto bila hofu.

Mama mkwe hajaamini. Anasema hospitali haitoi roho. Shemeji amemwomba asubiri neno lako, kwa hiyo ukisema Yaya abaki atibiwe, atabaki na mtoto wake. Ukikubali Misisi, sisi hapa hatuna nguvu ya kumzuia.

Nisalimie baba, na umwambie anywe maji ya moto asubuhi. Msalimie baba mdogo mwenye simu, na mke wake anayenitengenezea nywele nikija likizo. Msalimie mchungaji, lakini usimweleze haya mpaka Yaya mwenyewe atake.

Limebaki moja, nimelichelewesha kwa kuogopa. Kabla hatujaondoka Mama Nyota aliuliza kama katika ukoo wetu kuna mama mwingine aliyepata mawazo haya, maana huwa yanafuata familia, na wanataka kujua ni kitu gani kilimsaidia. Mimi nikasema hakuna. Yaya akasema, "Mama hakumubeba huyu Riziki mpaka alipotembea. Koko ndiye alimubeba." Nilishangaa kuliko nilivyoshangaa kwa visu. Nilijua koko, bibi yetu, alinibeba kwa sababu mgongo wako uliuma, na sikuwahi kuuliza zaidi. Mama, sijakasirika, na jibu lako sitampa mama mkwe. Motari aliyeleta barua hii kwa pikipiki yake analala Kilembwe, kesho anashuka Baraka. Mpe hata karatasi yenye neno moja.

Ni mimi binti yako Riziki, ninayekupenda na ninayekuuliza: ulikuwa mgongo kweli?